Mrejesho: ile laptopu yangu ya kula chaji

Wakuu nimerudi, ni mimi niliyeuliza mbona laptopu inazima kabla sijamaliza kazi na huku Kisauni stima zapotea ovyo. Nimeweka TLP, programu ya kubana matumizi ya chaji, kwa Linux (mfumo unaoendesha laptopu yangu) kama mlivosema, kwanza nikaitoa power-profiles-daemon, programu nyengine ya kazi hiyo hiyo, maana zagombana hizo, halafu kwa /etc/tlp.conf, faili la mipangilio ya TLP, nikaandika CPU_BOOST_ON_BAT=0, nikapiga amri sudo tlp start ianze kazi, basi prosesa haipandi tena spidi ya tabo (turbo, ile ya ziada inayokula chaji) ikiwa kwa betri. Feni ilokuwa ikivuma mda wote na hili joto letu imenyamaza, na chaji yanitoa adhuhuri mpaka alasiri, wallahi siamini! Kuediti video ndo kwakwamakwama, hapo nachomeka waya tu. Aliyesema ninunue betri mpya, ngoja kwanza bro, pesa ina kazi.