Naomba ushauri: kijana wa miaka 14 mwenye usonji anaduwaa na kuchezea pindo la shati. Ni usonji wenyewe au kifafa?

Mama Kitinda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Kijana wangu ana miaka 14, ana usonji, maneno yake hayazidi 20 na mengi ni ya kuomba kitu. Tangu mwezi uliopita kuna jambo jipya. Anasimama ghafla, macho yanaganda, anajilamba midomo, mkono wa kulia unafumbata na kuachia pindo la shati. Inachukua kama dakika 1, kisha anakuwa mzito na kutafuta pa kulala. Imetokea mara 6, na mara 2 alikuwa mezani anakula. Hajawahi kuanguka wala kutoa povu. Shuleni wanasema ni zile tabia zake za kujirudia, nimkemee. Jioni anatumia risperidoni, dawa ya kutuliza tabia.

Nitatofautishaje? Nijiandae vipi kabla ya kumwona daktari? Na kuhusu dawa, niulize nini?

Bundi wa Zamu

Dada, cha kwanza usimkemee. Kama ni kifafa, hasikii. Kama si kifafa, bado hujui anachokwambia.

Watu wengi wakisikia kifafa wanawaza kuanguka na povu. Kuna kifafa kinachoanzia sehemu moja tu ya ubongo, kinafifisha fahamu na mtu anabaki amesimama. Macho yanaganda, mdomo unatafuna hewa, mkono unapapasa nguo, kwa nusu dakika hadi dakika 2, halafu uchovu. Maelezo yako yamekaa hapo. Kuthibitisha ni kazi ya daktari, ila umri nao una neno: kwa wenye usonji kifafa hupenda kuanza nyakati mbili, utotoni kabla ya miaka 5 na tena wakati wa balehe. Mwenye usonji pamoja na ulemavu wa akili, takribani 1 kati ya 5 hukipata. Asiye na ulemavu wa akili ni kama 1 kati ya 12, wakati kwa watu wote kwa jumla ni kama 1 kati ya 100.

Tabia ya kujituliza huwa na chanzo: furaha, kelele, kuchoka kusubiri. Ukimgusa bega au ukimwonyesha kitu anachokipenda kupita vyote, itakatika walau kwa sekunde, kisha anaendelea alipoishia. Kifafa hakiangalii mazingira. Kinamkuta anakula, anatembea, hata amelala. Kila tukio ni nakala ya lililotangulia, mwanzo ule ule na mkono ule ule, hakikatiki kwa mguso wala kwa zawadi, na nyuma yake kuna mkia: usingizi, kuchanganyikiwa, pengine mkojo kumponyoka. Ndiyo maana yale matukio 2 ya mezani yananipa wasiwasi kuliko mengine 4. Mtoto haachi tonge analolitaka likiwa nusu njia kwenda mdomoni ili achezee shati.

Kama kiungo kinatikisika, kiwekee kiganja taratibu bila kukibana. Tabia hutulia. Mtikisiko wa kifafa utausikia ukiendelea kugonga chini ya kiganja chako.

Fundi Waya

Naongezea upande wa kipimo, maana hapo watu wengi hupoteza hela na muda.

Kabla ya EEG (kipimo cha kusoma umeme wa ubongo), pata video. Sekunde 60 za simu nzuri zinamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa. Anza na mwili mzima, usogee usoni ili macho na mdomo vionekane, kisha mikono. Washa taa. Taja saa kwa sauti. Mwite jina, mguse bega, msogezee kitu anachokipenda machoni, na yote hayo yaonekane kwenye picha. Kosa la kila mtu ni kuzima simu tukio likiisha: endelea dakika 5 zaidi, kwa sababu namna anavyorudi ndiyo inayotenganisha kifafa cha kuduwaa cha sekunde 10 (anarudi papo hapo kama hakuna kilichotokea) na kifafa cha sehemu moja (anarudi kwa kusuasua). Dawa zake hazifanani.

Andika pia daftari: tarehe, saa, muda, alikuwa macho au amelala, upande upi ulianza, alilala saa ngapi usiku uliotangulia, homa, kufunga choo, dawa iliyorukwa. Kwa wasichana, ongeza siku za hedhi.

Sasa EEG. Ikitoka safi haifuti kifafa, kwa sababu inasoma dakika 20 hadi 30 tu na huenda dakika hizo ubongo ulikuwa umetulia. Ikitoka na hitilafu, yenyewe peke yake haithibitishi kifafa: wenye usonji wengi wana mawimbi yasiyo ya kawaida na hawajawahi kushikwa hata siku moja. Anayetibiwa ni kijana, si karatasi. Omba kipimo kichukue na usingizi, hitilafu nyingi hujitokeza hapo.

Vifundo vinavyobandikwa kichwani ni karibu 20, kwa gundi au jeli, na hapo ndipo vijana hawa hukataa. Anza mazoezi siku 10 kabla. Siku za kwanza, kofia ya kubana kwa dakika 1. Baadaye mguse kichwani kwa pamba yenye maji, nukta moja moja, ukihesabu mpaka 20 ili ajue kuna mwisho. Siku yenyewe nywele zioshwe, zisitiwe mafuta, zisisukwe. Beba mto wake mwenyewe. Akishindwa kulala, muulize daktari kuhusu melatonini (dawa ya kuleta usingizi) mapema, usiisubiri siku ya kipimo.

Bundi wa Zamu

Hapo kwa Fundi Waya niweke tahadhari moja. Wakikwambia umcheleweshe kulala ili asinzie kwenye kipimo, jua kuwa kukosa usingizi kwenyewe huamsha kifafa. Usisafiri naye peke yako asubuhi hiyo.

Kuna kingine kinachofanana na kifafa katika umri huu, nacho ni katatonia. Kijana anaganda mlangoni, mkono umeishia hewani, anahitaji kusukumwa kidogo ndipo amalize hatua. Hiyo hudumu dakika nyingi, hata saa, na huja pamoja na kupungua taratibu kwa kasi ya kila kitu: kula, kuvaa, kutembea. Matibabu yake ni mengine kabisa. Ukiiona, itaje kwa jina.

Halafu mkague ngozi kwenye mwanga mzuri. Madoa meupe yenye umbo la jani, matatu au zaidi, yanaweza kuashiria ugonjwa wa kurithi wa vivimbe unaoleta usonji na kifafa kwa pamoja. Madaktari huupima, ila wakati mwingine hawamvui mtoto shati.

Msumari wa Moto

Samahani kudandia uzi. Mtu akishikwa mwili mzima, kile kijiko cha kuweka mdomoni kinawekwa upande gani?

Bundi wa Zamu

Hakiwekwi upande wowote, mkuu. Hakuna anayemeza ulimi, ila wanaovunjika meno kwa vijiko wapo wengi. Tazama saa kwanza. Weka kitu laini chini ya kichwa, sogeza vitu vigumu, legeza kola, vua miwani. Usimkandamize. Mitikisiko ikipungua mlaze kiubavu ili mate yatoke. Maji na chakula ni baadaye, akiwa macho kabisa.

Mtikisiko wa mwili mzima ukifika dakika 5, hiyo ni dharura: mpe dawa ya uokoaji kama ameandikiwa (midazolamu ya kuweka kati ya fizi na shavu, au diazepamu ya njia ya haja kubwa) na ita msaada. Vivyo hivyo akishikwa tena kabla hajapata fahamu, akiwa ndani ya maji, akiumia, akishindwa kupumua vizuri, au ikiwa ndiyo mara ya kwanza maishani.

Kwa mwenye usonji kuna sehemu vitabu vinapita haraka: dakika 20 baada ya tukio. Anaamka hajui alipo, taa kali, watu wamemzunguka, mmoja amemshika mikono. Atapiga, na watasema ana vurugu. Waondoe watu, punguza mwanga, abaki mtu 1 anayemfahamu, aongee kidogo. Na usimpime kwa kumuuliza jina lake wakati hata siku njema halitaji. Andika kwenye kadi ya dharura alama yake mwenyewe ya kurudi, mfano: "akinyoosha mkono kudai tableti yake ya kuchezea, amerudi".

Mizani ya Dawa

Naona dawa zimebaki kwangu.

Kwa kifafa cha sehemu moja, majina utakayoyasikia sana ni lamotrijini, levetirasetamu na kabamazepini.

Levetirasetamu dozi yake hupandishwa haraka, haigombani sana na dawa nyingine. Tatizo lake ni hasira. Kwa mtoto asiyeweza kusema "najisikia vibaya", hasira hiyo huonekana kama usonji umezidi, na risperidoni inaongezwa bure. Andika tabia zake za wiki 2 KABLA ya kuanza: anapiga mara ngapi kwa siku, anajiuma mara ngapi, analala saa ngapi. Bila hesabu hiyo mtabishana tu na daktari.

Lamotrijini ni tulivu kwa tabia, lakini inapandishwa kwa ngazi ndogo. Kwa aliyezidi miaka 12 anayeitumia peke yake, desturi ni miligramu 25 kwa siku kwa wiki 2, kisha 50 kwa wiki 2. Akiwa anatumia pia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, mwanzo ni 25 siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukiharakisha unakaribisha upele hatari unaobabua ngozi na kuchuna midomo na macho. Upele wowote wiki 8 za kwanza, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ikikatika siku kadhaa mfululizo, usirudie dozi kubwa bila kuuliza, huenda ngazi zikaanza upya.

Kabamazepini inafaa kifafa cha sehemu moja, lakini inaweza kuchochea kile cha kuduwaa na kile cha kurushwa mikono asubuhi. Ndiyo maana Fundi Waya anang'ang'ania video. Kwako wewe kuna la ziada: hulifanya ini livunje risperidoni haraka, kiwango chake mwilini kinaweza kushuka kwa nusu, na baada ya wiki chache tabia zikarudi bila mtu kujua kwa nini. Mwambie daktari kabla hajaandika.

Fenobabitali inafanya kazi, ila watoto wengi huwafanya wasinzie au wahangaike kupita kiasi. Valproeti ni nzuri kwa aina nyingi, lakini wenye mabinti wawe makini: ikitumika wakati wa ujauzito, watoto kama 10 kati ya 100 huzaliwa na kasoro za mwili, na 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili.

Maumivu yakija, tramadoli akae nayo mbali, inashusha kinga ya ubongo dhidi ya kifafa. Na dawa ya kifafa haikatwi ghafla hata akikaa miezi bila kushikwa.

Mama Kitinda

Mungu awabariki. Video nimepata, miadi ni wiki ijayo. Swali la mwisho kwa Mizani: vidonge anavitema, na chakula kikibadilika rangi hakili tena.

Mizani ya Dawa

Basi usiifiche kwenye chakula anachokitegemea. Akiigundua umepoteza dawa na chakula pamoja.

Omba lamotrijini ya kuyeyuka, au dawa ya maji. Tumia bomba lisilo na sindano, elekeza ndani ya shavu, si kooni, nusu mililita kwa nusu mililita. Fanya mazoezi na maji matupu wiki 1 kabla. Saa ile ile, kiti kile kile, na picha ya hatua 3 ukutani: kaa, meza dawa, kisha tableti yake ya kuchezea.

Kidonge kinachoachia dawa polepole hakisagwi, dozi ya saa 12 itaingia kwa mkupuo. Dawa ya maji ya kabamazepini hutuama: tikisa chupa kila mara, la sivyo juu anakunywa maji matamu na kifafa kinarudi, chupa ikikaribia kwisha anakunywa nzito, anayumba na kuona viwiliviwili. Ukisikia "dawa ilikuwa haifanyi kazi halafu ikamzidi", angalia chupa kabla ya kulaumu dozi.

Akitema, usikadirie na kurudia yote. Muulize daktari mapema akuandikie la kufanya. Dozi iliyosahaulika hunywewa ukikumbuka, ila ile inayofuata ikiwa imekaribia, iache. Usimpe mbili kwa pamoja.

Bundi wa Zamu

Na kabla ya miadi, leo hii: ondoa komeo la ndani bafuni, aoge kwa kumwagia maji na si kukaa kwenye beseni au bafu lililojaa, na kwenye bwawa awe na mtu wake 1 anayemtazama yeye tu. Usiku lala chumba kimoja naye au weka kifaa cha kusikia sauti. Kifo cha ghafla cha kifafa kwa watoto ni nadra, kama 1 kati ya 4,500 kwa mwaka, lakini mashambulizi ya mwili mzima yasiyotulizwa ndiyo yanayoongeza hatari, hasa ya usiku.

Mwalimu umpelekee video hiyo hiyo, na ukurasa 1: linaonekanaje, dakika ngapi, nani wa kupigiwa. Mwambie naye aandike saa kila linapotokea darasani.

Na dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa zikishindwa, usikubali kuongezewa ya tatu kimyakimya. Omba rufaa kwa bingwa wa kifafa.