Naombeni ushauri: gari la miaka 6, waranti ya nyongeza ipi nichukue kati ya hizi 3?

BintiMkubwa
Habari zenu wakuu. Nipo hatua ya mwisho ya kununua gari lililotumika. Lina miaka 6, kilomita 87,000 kwenye dashibodi, la petroli lenye tabo, giaboksi ni otomatiki ya CVT (ile isiyo na gia za hatua). Waranti ya kiwandani ilishakwisha. Muuzaji ameniwekea mezani waranti 3 za nyongeza na anataka jibu kesho mchana.

Ya kwanza ni ya injini na giaboksi, miaka 2. Ya pili anaiita "kamili", miaka 3, bei yake inakaribia mara 2 ya ile ya kwanza. Ya tatu ni ya kampuni ya nje, mwaka 1, rahisi kuliko zote, ila karatasi yake ni ukurasa mmoja tu.

Kinachoniumiza kichwa ni hiki: mama yangu anasafishwa figo mara 3 kwa wiki, na kituo kiko kilomita 70 kutoka nyumbani. Gari letu la mwanzo lilichemsha tukiwa njiani kurudi, gasketi ya silinda hedi ikaungua, likakaa gereji wiki 7. Kila siku ya zamu ilikuwa kuomba lifti tangu usiku. Sitaki kurudi kule. Moyo unanivuta kwenye hiyo "kamili". Naombeni mawazo, hasa ya waliowahi kudai wakalipwa au wakanyimwa.

Spana14
Pole sana kwa kuuguza, dada. Mimi ni fundi, naanza na gari lenyewe kabla ya waranti. Je, limekaguliwa? Mikataba hii hailipi ubovu uliokuwepo kabla hujasaini, na mingi inakuwekea siku 30 za mwanzo ambazo huwezi kudai chochote.

Chukua fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji. Aliwashe likiwa la baridi kabisa. Ukifika ukakuta boneti ina joto, ujue limeshawashwa, rudi siku nyingine. Akichomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari asiishie kuangalia hitilafu zilizohifadhiwa. Kuna ukurasa unaoonyesha kama gari limemaliza kujipima lenyewe. Mtu akifuta hitilafu usiku, asubuhi mashine inasoma safi, lakini vile vipimo vinaonekana havijakamilika mpaka litembee tena vya kutosha. Ukikuta hivyo, ama kuna kitu kimefutwa ama betri ilichomolewa, na vyote viwili vinahitaji maelezo.

Kwa CVT, uliza oili ya giaboksi ilibadilishwa lini na uombe risiti. Neno la muuzaji lisikutoshe.

DawatiLaMadai
Dada, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Nimekaa miaka 9 kwenye dawati la kupokea madai ya waranti za magari, kwa hiyo nakueleza ninachokijua kutoka upande ule.

Jina la mkataba lisikushughulishe. Kuna mkataba unaoorodhesha vinavyolipwa, na kisichokuwamo si chao. Na kuna unaolipa kila kitu isipokuwa vilivyoorodheshwa kuwa havilipwi. Huu ndio unaostahili kuitwa kamili, na orodha yake ya visivyolipwa ndiyo ya kusoma mara 3. Nimeona mikataba iliyoitwa kamili, dhahabu, almasi. Ukifungua ndani unakuta orodha fupi ya vipuri. Vitu vya kuchakaa kama breki pedi, klachi, matairi, betri, waipa na bushi karibu hakuna anayevilipa.

Tafuta kipengele cha madhara yanayofuatana. Mpira wa rejeta umepasuka, maji yakaisha, injini ikachemsha, gasketi ikaungua, silinda hedi ikapinda. Mteja anasema injini imo kwenye mkataba. Kampuni inasema chanzo ni mpira, mpira haumo, basi na injini hatulipi. Mikataba mingine inalipa, mingine hailipi, na tofauti yao ni sentensi moja. Kwa yaliyokukuta wewe, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuitafuta. Angalia pia wanavyosema kuhusu dereva aliyeendelea kutembea baada ya mshale wa joto kupanda. Hapo usitegemee huruma.

Halafu kuna idhini. Fundi akianza kutengeneza kabla kampuni haijakubali, dai limekufa. Na kazi ya kufungua ili kutafuta chanzo unailipia wewe mpaka dai likubaliwe. Likikataliwa, umelipia kushusha giaboksi na kuipandisha bila kutengenezwa chochote. Hilo watu wengi hawaambiwi.

Swali langu: unatembea kilomita ngapi kwa mwezi, na kila waranti inaishia kilomita ngapi? Miaka pekee haitoshi kukuambia urefu wake.

BabaMapacha
Mimi ni mmoja wa walionyimwa. Tabo ilikufa, nikapeleka dai nikiwa na uhakika kabisa. Wakaomba ushahidi wa kubadili oili tangu siku nimenunua. Oili nilikuwa nabadili kwa wakati, lakini kwa fundi wa mtaani asiyetoa risiti. Nikawapa namba yake ya simu, wakasema hapana. Nililipa tabo yote mwenyewe. Dada, kila servisi dai risiti yenye tarehe, namba ya gari, kilomita na aina ya oili. Piga picha siku hiyohiyo, maana wino wa risiti za mashine unafutika.

AkibaKwanza
Mimi sinunui kabisa. Kampuni lazima ikusanye zaidi ya inavyolipa, la sivyo ingefunga. Hela ya waranti niliiweka pembeni, huu mwaka wa 4, nimetoa ya alteneta tu. Isipotumika inabaki yangu.

KijaniKibichi
Mkuu, hesabu yako ni ya kweli kwa mtu ambaye gari likilala anapanda basi. Mimi giaboksi ilikufa mwezi wa 5 tangu ninunue. Akiba ya miezi 5 isingenunua hata nusu ya spea. Waranti ililipa, nikachangia ekses tu, yaani ile sehemu ya gharama ambayo mteja analipa mwenyewe. Sikatai kuwa kampuni inapata faida. Ninachosema ni kwamba ubovu hausubiri akiba ijae.

Nyongeza kwa dada: kama gari unalichukua kwa mkopo, usikubali waranti iingizwe ndani ya mkopo. Utailipia riba, tena hata baada ya yenyewe kwisha.

AkibaKwanza
Nimekuelewa, Kijani. Kwa hali ya dada huyu hata mimi ningefikiri tena.

BintiMkubwa
Nawashukuru sana, sikulala. Nimemwambia muuzaji sitoi jibu mpaka nisome mikataba yote nyumbani. Alinuna kidogo, lakini akaitoa.

Kuhusu swali la DawatiLaMadai, nimepiga hesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita 140, mara 3 kwa wiki ni 420. Kwa mwezi ni kama 1,800, nikiweka na mizunguko ya kazini inafika 2,200. Sasa ile "kamili" ya miaka 3 imeandikwa chini kabisa kuwa inakoma gari likifikisha kilomita 120,000 kwenye dashibodi. Limeshatembea 87,000, zimebaki 33,000. Kwangu mimi hiyo ni miezi 15! Ile ya miaka 2 inahesabu kilomita 50,000 kuanzia siku ya kununua, yaani karibu miezi 23. Ya bei ndogo ndiyo ndefu. Nimerudia hesabu mara 4 nikidhani nimekosea.

DawatiLaMadai
Hujakosea. Na hiyo ni kawaida kabisa.

Sasa angalia mambo haya kwenye hiyo ya miaka 2. Ekses inakatwa kwa kila safari ya gereji au kwa kila kipuri? Vikiharibika vitu 3 kwa pamoja, tofauti ni kubwa. Kuna kikomo cha malipo kwa dai moja? Kama kikomo ni kidogo kuliko bei ya giaboksi nzima, neno "giaboksi" kwenye jalada halina maana. Ada ya fundi kwa saa wanalipa yote au wana kiwango chao na wewe unaongeza? Na muhimu kwako: gari mbadala wanatoa siku ngapi?

Ya ukurasa mmoja mimi nisingeigusa. Uliza swali moja tu: kampuni ikifilisika nani analipa? Mkataba wa kueleweka unataja kampuni ya bima iliyo nyuma yake.

BintiMkubwa
Ukurasa mmoja hautaji bima yoyote. Nimeiweka kando.

Ya miaka 2: ekses ni kwa kila safari. Kikomo cha dai moja ni nusu ya bei niliyonunulia gari, nikamuuliza Spana14 faragha akasema giaboksi na kazi yake inaenea humo. Madhara yanayofuatana wanalipa kama chanzo ni kipuri kilichoorodheshwa. Wota pampu imo. Gasketi na sili ni za kuongeza kwa malipo kidogo. Mipira ya rejeta haimo popote. Gari mbadala ni siku 7.

Spana14
Basi ongeza gasketi na sili bila kufikiri mara mbili. Mipira badilisha yote sasa hivi, pamoja na mfuniko wa rejeta na thamostati. Ni vitu vidogo, na ukivibadilisha unaziba lile tobo ambalo mkataba umeliacha wazi. Siku 7 hazitoshi: giaboksi ikisubiri spea inaweza kukaa wiki 3. Panga usafiri wa akiba wa mama mapema, usingoje siku ya tatizo. Vituo vingine vya figo vina utaratibu wa usafiri kwa wagonjwa. Uliza.

BintiMkubwa
MREJESHO. Ukaguzi ulifanyika juzi, gari likiwa la baridi. Kompyuta ilisoma safi na vipimo vyote vilikuwa vimekamilika. Ila fundi alikuta alama nyeupe zilizokauka chini ya wota pampu, ishara kuwa inavuja taratibu. Ningesaini kesho yake kama nilivyotakiwa, ule ungekuwa ubovu uliokuwepo kabla, na mimi ningekuwa njiani tena na mama. Muuzaji amekubali kuweka pampu mpya kwa gharama yake, na ripoti ya ukaguzi imeambatanishwa kwenye mkataba.

Nimechukua ya miaka 2 pamoja na gasketi na sili, nimelipa taslimu nje ya mkopo. Tofauti ya bei na ile "kamili" nimeifungulia akaunti ya pembeni, hapo nimemsikiliza AkibaKwanza. Na kituo cha figo kweli wana gari la wagonjwa siku za zamu, miaka yote hii sikujua. Jina la mama limeshaandikwa.

BabaMapacha
Hongera, dada. Na ile servisi ya kwanza?

BintiMkubwa
Leo asubuhi, kaka. Oili ya injini, oili ya CVT, mipira yote. Risiti imeandikwa kilomita 87,640, na picha nimepiga nikiwa bado gereji.