Kompyuta imezimwa, taa ya kebo ya mtandao bado inawaka

chumvi_ya_shangani
Wakuu, habari za jioni. Ofisi iko Shangani, Mtwara. Kuna kompyuta za mezani 6, swichi ya mtandao ya matundu 8, na inveta yenye betri moja ya 12V 100Ah. Saa 11 jioni zote zinazimwa kwa Shut down, lakini nyuma taa ya kijani ya tundu la mtandao inabaki inawaka, ya chungwa ndiyo inazimika. Saa 1 asubuhi betri imeshuka. Halafu mashine mbili zikikaa bila kuguswa, mtandao unakatika sekunde chache na kurudi. Moja kati ya hizo taa ya chungwa haiwaki hata mchana. Ni Windows 10, kadi za mtandao ni Realtek za kwenye ubao mama. Kadi zimekufa?

fundi_ligula
Hazijafa, mkuu. Powasaplai ya ATX ukiizima bado inatoa 5V za akiba kwenye waya wa zambarau, pini ya 9. Kadi inakula hapo, inasubiri ujumbe wa kuiamsha mashine kutoka mbali. Ili isile sana inajishusha hadi 10 Mbps, na kadi nyingi haziwashi taa ya kasi kwenye 10. Ndiyo maana chungwa inalala.

Ulaji wenyewe: tuseme kila mashine 2W × 6 × saa 14 = 168Wh, yaani kama 14Ah za betri yako. Ongeza swichi, ikila 5W ni 70Wh nyingine. Taa yenyewe ni makombo tu, usiifunike kwa selotepu ukadhani umeokoa kitu.

Ingia biosi (mipangilio ya ubao mama kabla Windows haijaanza), tafuta ErP, inayokata umeme wa akiba mashine ikizimwa, weka Enabled. Kama haipo, fungua Device Manager, kadi ya mtandao, kichupo cha Advanced, zima Shutdown Wake-On-Lan. Hii ya pili inanyamazisha kadi tu, ubao bado unakula. Njia ya uhakika ni kuzima swichi ya ukutani, ila betri ya CR2032 ya ubao itachoka mapema kwa sababu saa itakuwa inategemea hiyo peke yake.

mikindani_lan
Kukatika zikikaa kimya ni jambo jingine. Hapohapo Advanced zima Energy Efficient Ethernet na Green Ethernet. Hiyo ya kwanza ni kiwango cha 802.3az cha mwaka 2010: kadi na swichi zinasinzia pakiti zisipopita, na vifaa vya bei rahisi huwa haviamki kwa kuelewana. Kisha kichupo cha Power Management, ondoa tiki ya kwanza, ile inayoruhusu Windows kuizima kadi. Wa Linux: `ethtool --set-eee enp3s0 eee off`.

Rangi za taa msiziamini hivihivi, kila mtengenezaji ana zake. Fungua PowerShell, andika `Get-NetAdapter`, soma LinkSpeed, ndiyo kasi halisi.

kebo_lindi
Ile isiyowasha chungwa mchana mimi naishuku kebo. 100 Mbps inatumia pini 1, 2, 3 na 6 tu, gigabiti inataka zote 8. Waya mmoja wa 4, 5, 7 au 8 ukilegea, mtandao unaendelea kwa 100 na hakuna anayelalamika. Huku kwetu pwani chomoa plagi uitazame juani: meno ya dhahabu yakiwa na ukungu wa kijani, chumvi imeshaingia. Usikwangue kwa kisu, utaondoa dhahabu na kutu itarudi upesi. Kata sentimita 3, bana plagi mpya: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Ila kwanza hamishia kebo hiyo mashine ya jirani. Tatizo likihama nayo, kadi haina kosa.

chumvi_ya_shangani
Limehama na kebo. LinkSpeed ilikuwa 100, plagi mpya imeleta 1 Gbps na chungwa inawaka. ErP imepatikana kwenye mashine 4. Mojawapo huwa inaamshwa kutoka nyumbani, itaamka kweli?

fundi_ligula
Haitaamka. Hiyo moja irudishie Disabled, na swichi pamoja na rauta ziachie umeme usiku.