Wazee wa kanisa wananitaka niache gita, na pia niache kusimulia maisha yangu ibadani. Naombeni ushauri

Mleta uzi

Bwana asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Ni mchungaji wa kanisa dogo kijijini, wilaya ya Tandahimba. Washirika wangu karibu wote ni wakulima wa korosho, nami nina mikorosho yangu michache, maana sadaka ya huku hufuata msimu.

Tangu nije hapa nina mazoea. Kabla ya mahubiri nakaa na gita, nasimulia wiki yangu ilivyokwenda, kisha naimba nilichotunga. Nimewahi kusema nilivyopuliza salfa, dawa ya mikorosho, kwenye shamba la mtu kwa kibarua ili nipate ada ya mtoto. Siku nyingine nilisema malipo ya mnada wa korosho yalivyochelewa hadi nikashindwa kuomba siku tatu, mimi mchungaji. Baada ya ibada ile wanaume wanne walinifuata nyuma ya kanisa, kila mmoja kwa wakati wake. Wote walikuwa wameuza korosho kwa kangomba, yaani kwa walanguzi kwa bei ya chini, zikiwa bado mtini, na wake zao hawajui. Hakuna hubiri langu lililowahi kuwaleta.

Mwezi uliopita niliimba zaburi kwa Kimakonde, vijana wakapiga mdundo wa sindimba, ngoma ya Wamakonde. Akina mama waliinuka wote. Jumanne wazee wakaniita: ngoma ile haifai madhabahuni, na mchungaji anayejianika kila Jumapili atakosa wa kumsikiliza. Nirudi kwenye kinanda, ya nyumbani yabaki nyumbani. Nawaheshimu sana. Mmoja wao ndiye aliyenipa chumba nilipofika sina kitu. Nitii, au nisimame?

Mwalimu wa kwaya, Masasi

Pole Mchungaji. Jambo hili huku kwetu ni la zamani. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walianza kazi Masasi mwaka 1876, na Askofu Vincent Lucas, aliyeanza kuongoza dayosisi mwaka 1926, jando hakulifukuza, alilileta chini ya kanisa, vijana wakaingia kwa sala. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba cha Kimakonde ni cha shetani.

Ila kwa sindimba wazee wana hoja. Ngoma ile ni ya kiuno. Mdundo ukianza, mwili unaitika kabla sikio halijapata neno la zaburi. Akina mama waliinuka, sawa, lakini je, waliinukia zaburi? Tafuta mdundo mwingine, na uutafute pamoja na hao wazee.

Jirani wa Mikindani

Mimi ni Mwislamu, naomba niseme moja tu. Hao wanaume wanne usiwaache. Kwenye kangomba watu wanapoteza jasho la mwaka mzima kwa bei ya njaa, na aibu ndiyo inayowafunga midomo. Wewe uliwafungua.

Mke wa mchungaji, Nachingwea

Baba mchungaji, umeandika yote haya na mama mchungaji hujamtaja hata mara moja. Ada ni ya mtoto wenu ninyi wawili. Mume wangu alisimulia ugonjwa wangu kanisani, kesho yake sokoni nikapewa pole na mtu nisiyemjua. Nilikaa miezi bila kuingia kwaya. La kwako simulia. La kwake muulize kwanza.

Mleta uzi

Mama, nimemsomea mke wangu jioni hii tukila ming'oko. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema habari ya ada ilifika kwa kaka zake kabla yeye hajajua kwamba nitaitaja, nao wakamuuliza kama anashinda njaa. Hakuniambia kwa sababu aliona watu wanabarikiwa. Jumapili nitasimama nimwombe radhi mbele ya wote.

Mke wa mchungaji, Nachingwea

Hapana baba! Mwombe radhi hapo hapo jikoni.

Mleta uzi

Nimekuelewa, na nimefanya hivyo. Kusimulia siachi, ila Jumamosi usiku yeye atasikia kwanza, na akikataa neno, nalitoa.

Mwalimu, kuhusu mdundo: mzee aliyenipokea anaokota korosho wiki hii. Kesho naenda kumsaidia, gita naliacha nyumbani. Nitamwomba aniimbie walizokuwa wakiimba shambani alipokuwa kijana.