Tupeane uzoefu: msumeno wa umeme nyumbani unautunza wapi, na unausetije?

Wakuu, habari za jioni. Karakana yangu ni kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba, Mbezi. Nina msumeno wa diski wa mkononi na mashine ndogo ya meza, yaani msumeno ambao diski yake inatokeza juu ya meza. Wenye karakana nyumbani tusimuliane tunavyotunza na kuseti. Naanza mimi.

Mashine ya meza nikiihamisha tu, lazima niipime upya. Kwanza plagi inatoka ukutani. Natia alama ya wino kwenye jino moja la diski, napima kutoka kwenye mfereji wa meza (ule uliochongwa sambamba na diski) hadi jino hilo likiwa mbele. Nazungusha diski kwa mkono mpaka jino lile lile lifike nyuma, napima tena. Visipolingana, nalegeza bolti za chini, nasogeza kidogo kidogo, nakaza. Nasisitiza jino lile lile kwa sababu diski ikiwa imepinda kidogo, meno mawili tofauti yatakupa jibu la uongo.

Kisha ile reli ya kuongozea mbao. Isibane nyuma hata kidogo, bora iachie unywele. Ikibana, mbao inaegemea meno ya nyuma yanayopanda juu, inanyanyuliwa na kurushwa kwako. Ndiyo maana sisimami nyuma ya diski moja kwa moja, nasimama pembeni.

*

Mdau, Tanga:
Mkuu umeeleza vizuri. Huku kwetu adui ni kutu. Upepo wa bahari unaingia kila tundu, na meza ya chuma ukiiacha wazi msimu wa mvua inageuka rangi. Mimi napaka nta ya nyuki. Grisi sitaki, inashika vumbi na kuchafua mbao. Juu nafunika shuka kuukuu la pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani.

Diski natundika kwenye misumari ya mbao, na kati ya moja na nyingine naweka kipande cha boksi. Yale meno ya kubandikwa ni magumu kweli, lakini yakigongana yanamegeka. Za kupasulia paini naziosha utomvu kwa maji ya moto na sabuni, nazikausha hapo hapo.

*

Mdau, Mwanza:
Mimi ni mama mwenye watoto wadogo, kwa hiyo kwangu kufuli ndiyo mwanzo. Fundi umeme alinifungia swichi kuu ya karakana peke yake, ndani ya kiboksi cha chuma. Nikitoka, nazima na kufunga, funguo inakaa na mimi. Msumeno wa mkononi unalala kwenye sanduku, betri zake ndani ya nyumba, maana chini ya bati mchana ni joto kali.

Kabla ya kuchomeka betri naangalia kava la chini la diski: nalivuta, naliachia, lirudi lenyewe. Vumbi lenye utomvu likiganda pale linabaki wazi. Naumia sana nikiona mafundi wanalifunga kwa waya ili wafanye kazi haraka. Jamani, vidole havioti tena!

*

Mdau, Morogoro:
Kuna jambo la mashine za mtumba kutoka Marekani. Kule ni volti 120 na hezi 60 (mizunguko ya umeme kwa sekunde), sisi ni 230 na 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi zinabaki 50. Msumeno wa mkononi wenye brashi za kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme sehemu ya mota inayozunguka) hauna shida, mradi transfoma iwe na wati za kutosha. Lakini mashine ya meza yenye mota kubwa isiyo na brashi itazunguka pungufu, kama mizunguko 2,875 badala ya 3,450 kwa dakika, na inaweza kupata moto. Kasome kibati cha mota kabla hujatoa hela.

*

Mdau, Arusha:
Naongezea waya. Msumeno wa wati 2,000 unavuta karibu ampea 9. Ekstensheni ya kuviringisha ikunjue yote, ikibaki kwenye gurudumu inachemka. Mimi natumia waya wa milimita za mraba 2.5.

*

Mleta mada:
Mdau wa Tanga, hiyo nta unaipaka ikiwa ngumu hivyo hivyo?

*

Mdau, Tanga:
Hapana mkuu. Naikwangua, naiacha ilowe kwenye mafuta ya taa kidogo mpaka ilainike, mbali na moto. Napaka nyembamba, naacha ikauke, nasugua kwa kitambaa mpaka mbao iteleze yenyewe mezani.