Naomba ushauri: kumpeleka mama kilima cha Petřín, Prague

Ndugu zangu, heshima kwenu. Mama yangu atakuja kututembelea Prague mwezi wa nne, miti ya matunda inapochanua, na ana hamu kubwa ya kufika kilima cha Petřín, ambacho miteremko yake imejaa miti na njia za waenda kwa miguu zinazopanda kwa kuzunguka hadi kwenye mnara wa chuma uliojengwa mwaka 1891 kwa kuiga ule wa Eiffel. Kinachonitia wasiwasi ni magoti yake, ambayo humsumbua zaidi anaposhuka kuliko anapopanda. Mnara una ngazi 299 za mzunguko, za kupandia zikiwa zimetengwa na za kushukia, hivyo mtu akichoka katikati si rahisi kugeuza. Lifti ipo, lakini ni ndogo.

Waliowahi kumpeleka mzazi, naomba mnieleze: je, ni heri tuanzie upande wa monasteri ya Strahov, ambako njia haina mwinuko mkali? Na foleni ya lifti huwaje asubuhi? Sipendi kabisa abaki kwenye benchi wakati wajukuu wake wanapanda, ila afya yake ndiyo ya kwanza.