Ndege nne tu: tuchague zipi kwa gemu letu la mapigano ya angani?

Kijana wa Nkuhungu (mwanzisha mada)

Habari za jioni, wakuu. Mimi na wenzangu wawili hapa Dodoma tuko mwaka wa pili sasa tukiunda programu ya kuigiza urubani wa ndege za kivita za zamani, na kazi yote tunaifanya jioni kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa na feni inayonguruma kuliko injini tunayoiigiza. Kila ndege hutuchukua takribani miezi minne, maana baada ya kuchora umbo lake inabidi tupange saa na vishikizo vya chumba cha rubani, kisha tuandike hesabu za namna inavyopaa, inavyokata kona na inavyopoteza nguvu kadiri inavyopanda juu. Ndiyo maana tumekubaliana ziwe nne tu.

Mwenzetu mmoja anataka Spitfire ya Waingereza, Messerschmitt Bf 109 ya Wajerumani, Mustang ya Wamarekani na Zero ya Wajapani, kwa hoja kwamba ndizo watu wanazozijua. Wa pili anang'ang'ania MiG-21, ndege ya jeti ya Kisovieti, kwa sababu ya Vita vya Kagera. Mimi nina shaka na orodha ya kwanza, kwa sababu Zero na Bf 109 hazikuwahi kukutana vitani, na ningependa walau ndege moja iwe na uhusiano na upande wetu huu wa dunia. Naomba ushauri, pamoja na sababu zake.

Fundi Mstaafu

Kijana wangu, umaarufu usikusumbue. Ndege ya kivita huijui mpaka umjue adui yake. Mwaka 1940 Spitfire na Hurricane, zote za Waingereza, zilitumia injini ya Merlin yenye kabureta ya boya, yaani boya ndilo lililopima petroli inayoingia, na rubani aliposukuma usukani mbele kwa ghafla, petroli ilirushwa juu ndani ya kabureta, injini ikakohoa na pengine kuzimika kwa muda. Bf 109 ilikuwa na pampu iliyonyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo Mjerumani aliyefuatwa kwa nyuma alisukuma tu usukani akapiga mbizi, wakati Mwingereza alilazimika kwanza kuibinua ndege tumbo juu ndipo amfuate. Dawa ililetwa mwaka 1941 na mhandisi Beatrice Shilling, nayo ilikuwa kijisahani kidogo chenye tundu, kilichopunguza petroli inayopita. Nimeshika kabureta za ndege ndogo kwa miaka mingi, na bado napenda dawa za namna hiyo kuliko injini mpya za bei mbaya.

Sasa niambie, mchezaji atauonaje mkasa huo ukimpa Spitfire halafu adui yake awe Zero? Chagua jozi zilizopigana.

Mwalimu wa Kondoa

Nakubaliana na mzee wangu hapo juu, ila nianze na la nyumbani, kwa kuwa najua wengi watapendekeza Vita vya Kwanza. Ni kweli ndege zilifika huku mapema. Meli ya Kijerumani Königsberg ilipojificha kwenye delta ya Rufiji, Waingereza walileta ndege za majini za Sopwith, na joto likazishinda: gundi iliachia, mbao zikapinda, na mara nyingine ndege haikuweza hata kuinuka majini ikiwa imebeba mtu wa pili. Tarehe 11 Julai 1915 meli hiyo iliangamizwa kwa mizinga iliyoongozwa kutoka angani na ndege ya Henri Farman iliyoruka kutoka Mafia. Ndege ilipigwa, injini ikafa, na mwangalizi wake akaendelea kutuma masahihisho ya shabaha huku wakishuka kuelekea mtoni. Mwaka uliofuata, Dodoma ilipotekwa mwezi Julai, kikosi cha ndege cha 26 cha Waingereza kilikuwa katika vita hivyo hivyo na ndege za B.E.2c na Henri Farman.

Tatizo ni kwamba katika vita vile hapakuwa na ndege ya Kijerumani angani ya kupigana nazo. Mchezaji wako angekuwa anapeleleza na kudondosha mabomu juu ya pori, jambo ambalo mimi ningelicheza, lakini sidhani kama ndilo mnalolijenga.

Angalieni badala yake mwaka 1940 na 1941, Waitaliano walipokuwa Ethiopia, Eritrea na Somalia. Kule zilikutana Fiat CR.42 ya Waitaliano na Gloster Gladiator ya Waingereza, zote za mabawa mawili, moja juu ya jingine, zote zikiwa na injini ya takribani nguvu farasi 840. Fiat ina kasi zaidi na inabeba bunduki mbili nzito za milimita 12.7; Gladiator ina bunduki nne nyepesi na chumba cha rubani kilichofunikwa, ilhali Mwitaliano anapigwa na upepo usoni. Zote magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo mmeokoa wiki kadhaa za kuchora. Na kama mnatafuta uhusiano na nyumbani, askari wa batalioni za 6 za KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku kwetu), zilizoandikishwa Tanganyika, walikuwa chini ya anga hilo hilo.

Mkazi wa Mwanza

Kuhusu MiG-21, ningewashauri msubiri. Mwaka 1979, katika vita hivyo vya Kagera, ndege ya mabomu ya Libya aina ya Tu-22 ilipotumwa kuupiga mji wetu na mabomu yake yakakosa shabaha, nilikuwa mtoto, na wanaokumbuka bado tupo wengi na kila mmoja ana toleo lake. Zaidi ya hapo, MiG-21 inadai muiandikie rada na makombora, kazi ambayo ni gemu jingine kabisa.

Kijana wa Nkuhungu

Shikamooni wazee wangu, na asanteni. Tulikwisha kuchora uwanja wa ndege wa Dodoma kwa ajili ya majaribio. Uko zaidi kidogo ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa nyuzi 30 hewa huwa nyepesi kana kwamba uko mita 1,900 hivi. Jana niliweka B.E.2c ya nguvu farasi 90: ilimeza uwanja karibu wote, ikainuka, ikagusa tena chini, ndipo umeme ulipokatika. Naona Addis Ababa, iliyo juu zaidi ya mita 2,300, itawatesa wachezaji vizuri.

Basi CR.42 na Gladiator nimezikubali. Zimebaki mbili.

Fundi Mstaafu

Marahaba. Ya tatu ni Hurricane, kwa sababu ilipigana na CR.42 huko Ethiopia na ikapigana na Bf 109 juu ya Uingereza. Ya nne, basi, ni Bf 109. Hurricane moja inakupa vita viwili. Anza nayo, na kumbuka kwamba nusu yake ya nyuma imevikwa kitambaa, si bati, kwa hiyo risasi nyingi zitapita upande huu na kutokea ule bila kuvunja kitu. Hesabu za madhara mlizoandikia ndege za bati hazitafaa hapo.